Anunuaye Nyumba Hununua Nini?

Watu wengi hudhani kwamba ununuzi wa nyumba ni jambo jepesi kuelezwa. Mmoja ana nyumba na anataka fedha, mwingine ana fedha na anataka nyumba. Hukutana, hupatana, hubadilishana, kisha kila mmoja hushika njia yake. Mfano huu wafaa kwa ununuzi wa ng'ombe au jahazi, kwa maana ng'ombe huswagwa na jahazi husafiri. Nyumba haiswagwi wala haisafiri. Hubaki palepale ilipokuwa jana, katikati ya watu walewale, na anayehama ni mtu. Kwa hiyo yafaa kuuliza, kabla ya kuhesabu vyumba na kugonga kuta, ni kitu gani hasa anachopewa mnunuzi badala ya fedha zake. Swali hili lina uzito popote penye miji, lakini uzito wake huzidi katika mitaa ya bei nafuu, ambamo watu wa makabila, dini na kazi mbalimbali hukaa ukuta kwa ukuta. Mji wa Mtwara, usio mbali na maingilio ya mto Ruvuma, una mitaa ya namna hiyo, na historia yake yasaidia kulichunguza swali hili.

Jibu la kwanza, kwamba mnunuzi hununua ardhi, huondolewa na sheria yenyewe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na Waingereza, iliweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akipinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama nguo. Mwaka 1963 milki za kudumu, ambazo watu wachache walikuwa nazo tangu enzi za wakoloni, ziligeuzwa ukodishaji wa serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotumika hata leo, yasema kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo ilikubali kuwa haki ya mtu katika ardhi ina thamani ya fedha, na hapo yalitengana mawazo ya mwaka 1999 na ya mwaka 1958. Hata hivyo udongo wenyewe haukuwa mali ya mnunuzi.

Jibu la pili ni kwamba hununua kuta na paa. Jibu hili lina sehemu ya ukweli, lakini haliwezi kueleza bei. Nyumba ya miti na udongo yenye bati kuukuu yaweza kubomolewa na fundi kwa siku mbili, na miti yake ikaishia jikoni. Nyumba ya namna hiyo ikisimama Chikongola, karibu na soko na kituo cha mabasi, huuzwa kwa fedha ambazo zingejenga nyumba mbili kama hiyo pembeni ya mji. Ikiwa udongo si wa muuzaji, na kuta hazina thamani hiyo, basi kuna kitu cha tatu kinachouzwa, nacho ni mahali. Mahali hapafanywi na mwenye nyumba peke yake. Mmarekani Henry George aliandika mwaka 1879 kwamba thamani ya kiwanja cha mjini huletwa na kuwapo kwa watu wengine, hata mwenye kiwanja akilala usingizi mchana kutwa. Watu wa mtaa ndio waliofungua njia kwa miguu yao kabla haijachongwa. Ndio walioleta magenge, msikiti, kanisa, fundi cherehani na mama muuza vitumbua. Ndio waliokaa macho usiku mwizi alipopita. Muuzaji huchukua bei ya kazi hiyo yote, na mnunuzi hulipa. Majirani hawapewi kitu.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kutazama mitaa hiyo ilivyotokea. Mikindani ni mji wa kale, wenye nyumba za mawe ya matumbawe, ambamo Waarabu, Wahindi na wenyeji wa bara na pwani walifanya biashara ya pembe, sandarusi na, kwa aibu ya historia, ya watumwa. Mtwara ya sasa ni mji wa kuchorwa. Mradi wa karanga, ulioanzishwa mwaka 1947, ulihitaji bandari yenye kina cha kutosha meli kubwa, na mji mpya ukapangwa umbali wa maili sita hivi kutoka Mikindani. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo kata iitwayo Reli imebaki na jina kama jina la marehemu lililoandikwa mlangoni. Lakini mchoro wa mji haukufa pamoja na karanga. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya kikoloni, palikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini: Shangani penye upepo wa bahari na nafasi kati ya nyumba na nyumba, kisha mitaa ya maduka, kisha mitaa ya watu wa kazi. Baada ya uhuru maneno ya rangi yalifutwa, yakawekwa maneno ya kipimo, yaani ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Mwenye kuziweka ramani hizo mbili sambamba huona kwamba maneno yalisogea zaidi kuliko mistari.

Mchanganyiko wa watu, basi, haukupangwa na mchoraji yeyote. Uliletwa na unafuu wa bei. Mmakonde aliyeshuka kutoka Newala kutafuta kibarua bandarini, Myao wa Masasi, Mmakua, Mmwera wa Lindi, mtu aliyevuka Ruvuma baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, na baadaye mfanyabiashara wa Kilimanjaro au mwalimu wa Mbeya, aliyeiona Mtwara karibu zaidi baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003: wote walikutana Chikongola, Majengo au Magomeni kwa sababu moja, kwamba hapo kodi ya chumba ililipika. Hawakuja kutafuta udugu. Udugu, mahali ulipotokea, ulikuwa mtoto wa mkutano huo, na si kila mkutano ulizaa.

Nyumba yenyewe ilisaidia. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida ina kibaraza mbele, ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Uani kuna jiko, choo, bomba au kisima, na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba, aghalabu mjane au mzee aliyestaafu, hukaa katika vyumba viwili na kupangisha vinne. Basi familia tano hushiriki ua mmoja, na ua hufundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha uraia: zamu ya kufagia, zamu ya maji, namna ya kuteta bila kuvunjiana heshima, na namna ya kunyamaza mwenzako anapolia. Mtoto wa Kikristo hujua siku ya Maulidi kwa harufu ya pilau, na mtoto wa Kiislamu hujua Krismasi kwa njia hiyohiyo. Isidhaniwe kuwa ua ni pepo. Uani husemwa uongo, hutiliwa mashaka mtu aliyefanikiwa, na siri haikai. Wako watu wema kabisa ambao, baada ya miaka kumi ya kusikia kikohozi cha wengine, hutamani ukuta mrefu na geti la chuma, wala hapana haki ya kuwaita wachoyo.

Sasa na atazamwe mnunuzi anapofika. Nyumba nyingi katika mitaa hiyo ziliuzwa, na nyingine huuzwa hata sasa, bila hati ya serikali. Muuzaji na mnunuzi huketi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, huandika karatasi ya mauziano, na huitwa mashahidi. Mashahidi muhimu kuliko wote ni majirani wa mipakani. Jirani wa mashariki husema kwamba mpaka ni mnyaa huu. Jirani wa magharibi husema kwamba mwembe ule ulipandwa na baba wa muuzaji, na kivuli chake huanguka kwake kwa hisani tu. Wakikana, karatasi haina nguvu. Mzozo ukizuka baada ya miaka saba, baraza la ardhi litawaita wao. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Katika mtaa usiopimwa, hati ya nyumba ni kumbukumbu ya majirani. Mnunuzi anayetoka kwa mwenyekiti na karatasi yake mfukoni hudhani ameibeba milki yake, kumbe ameiacha nyuma, imekaa vibarazani katika vichwa vya watu ambao huenda hakuwasalimu.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii yamtwisha mnunuzi mzigo usio wake. Mtu alikubaliana bei na mwenye mali, akalipa mbele ya mashahidi, na mashahidi wakapewa soda na nauli; deni gani tena limebaki? Pingamizi hili ni zito, na lina watetezi hata katika fikihi. Sheria ya Kiislamu ina haki iitwayo shufaa, ambayo humruhusu mtu kuinunua mali kabla ya mgeni. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi humpa haki hiyo hata jirani apakanaye na nyumba. Lakini madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, humpa mshirika peke yake, mwenye fungu katika mali isiyogawanywa. Kwa mujibu wa rai hiyo, jirani wa Mikindani hana neno la kuzuia mauzo. Sheria ya nchi nayo haimpi.

Lakini kukosa haki ya kuzuia si kukosa haki yoyote. Sheria hutazama siku ya mauzo, na ujirani huanza kesho yake. Tena mnunuzi aendelea kupokea. Kila usiku unaopita bila mtu kuusogeza mnyaa, kila mgeni anayeulizwa barazani "wamtafuta nani?", kila mtoto anayeokotwa njiani na kurudishwa kwao, ni huduma inayotolewa na watu wasiolipwa. Mtu hawezi kuendelea kupokea na huku akisema amekwisha kulipa. Bei aliyoitoa ilikwenda kwa muuzaji, na muuzaji amehama.

Tena unafuu wenyewe wahitaji kuchunguzwa. Katika nchi ya korosho, nyumba hupanda na kushuka na msimu. Mwaka wa bei njema, kuanzia Oktoba mafundi hawapatikani. Mwaka mbaya, kuta husimama nusu na nyasi huota sebuleni. Mwaka 2018 serikali iliingilia soko, ikatangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzikusanya korosho. Wakulima wengi walingoja malipo yao kwa muda mrefu. Katika kungoja kwa namna hiyo ndipo nyumba huuzwa kwa bei ya kushangaza, kwa ajili ya hospitali, ada ya shule au deni la pembejeo. Mnunuzi hufurahia bahati yake. Yamkini ni bahati. Lakini punguzo analolihesabu ni kipimo cha shida ya mwenziwe, na dalali mwenye kusifu "nyumba ya dharura" aijua vema bidhaa anayoiuza.

Jaribio kubwa la maadili haya lilikuja na gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi ilikuwa imegunduliwa tangu mwaka 1982, lakini ugunduzi wa bahari kuu kuanzia mwaka 2010 ulileta makampuni, wahandisi na matumaini makubwa. Viwanja vilitafutwa na watu ambao hawakuwa wamepata kuiona Mtwara. Kodi za nyumba zilipanda. Wakati huo sheria ya kudhibiti kodi, ya mwaka 1984, ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 2005, na mwenye nyumba alikuwa huru kutaja alitakalo. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, wananchi walipinga mpango wa kusafirisha gesi kwa bomba hadi Dar es Salaam. Ghasia zikatokea, watu wakafa, na nyumba zikachomwa moto. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Baadaye shughuli za makampuni mengi zikapungua, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wageni zikangoja wageni.

Katika miaka hiyo mnunuzi hakuhitaji kuwa mtu mbaya ili alete madhara. Mtu mpole, mwenye mshahara wa haki, aliinunua nyumba ya vyumba sita kwa sababu aliupenda mtaa wenye watu mchanganyiko na bei aliyoimudu. Kisha akataka kuikalia peke yake na jamaa zake, jambo ambalo ni halali. Familia nne zikahama. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu akalipa zaidi kwa kuwa wawili walitangulia. Hakuna hata mmoja aliyefukuza mtaa, lakini mtaa uliondoka. Kitu walichokipenda ndicho kilichomalizwa na kuja kwao. Hapa maadili ya mtu mmoja mmoja hufika mwisho wa nguvu zake, kwa maana kosa halipatikani kwa yeyote, na hasara yaonekana machoni pa wote.

Yafaa kuongeza jambo ambalo wanunuzi wa mbali hawalijui. Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na mali ya mwanamume ilitazamiwa na wapwa zake. Shamba la kijijini lina macho ya wajomba juu yake. Nyumba ya mjini, iliyonunuliwa kwa mshahara, iliwapa akina baba wengi njia ya kuwarithisha watoto wao wenyewe, na wapwa waliliona hilo. Kwa hiyo siku nyumba ya namna hiyo inapouzwa, barazani huketi madai ambayo hayakuandikwa popote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humlinda mke au mume, kwa kukataza nyumba ya ndoa isiuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe, mpwa haimtaji. Ni nani atakayemwambia mgeni kwamba nyumba ina ugomvi? Si ofisi. Ni jirani, akipenda, na atapenda ikiwa mgeni alikuja kuuliza hali ya mtaa kabla ya kuuliza bei.

Lakini ujirani una upande wake mbaya, na haki yataka usemwe. Kumbukumbu ya majirani huweza kununuliwa. Huweza kusahau kwa makusudi haki ya mjane asiye na ndugu. Baada ya wapiganaji kutoka Cabo Delgado kuvuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya mwezi Oktoba 2020, jicho la mashaka lilikuwa jepesi kumwangukia mtu mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mto, ingawa bibi yake na bibi wa mwenye mashaka walizaliwa kijiji kimoja. Mtaa unaomlinda mtu kwa macho yake waweza pia kumhukumu kwa macho hayohayo. Kwa sababu hiyo upimaji na urasimishaji wa makazi ni jambo jema: jiwe la mpimaji halina ukabila, wala halipokei soda. Maskini mwenye hati huweza kulala bila kuogopa kwamba shahidi wake wa mwisho atakufa.

Aliyetaka kuepukana na majirani kabisa alikuwako katika pwani hiyohiyo. Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, alijenga nyumba Msimbati, na karibu na mwaka 1960 akatangaza kwamba sehemu ile ni nchi yake huru. Serikali ya nchi iliyojitawala ilimwonyesha kwamba haikubaliani naye. Kisa chake huchekesha, lakini alilifuata hadi mwisho wazo ambalo wenye mageti marefu hulifuata nusu, kwamba nyumba ni ufalme na mpaka wake ni mwisho wa wajibu.

Hati ikija, basi, hubadili nini? Humwondolea mnunuzi hitaji la ushahidi wa jirani. Haimwondolei hitaji la jirani. Tofauti hii huonekana ndogo katika maneno, lakini hufanya kazi kubwa mtaani, kwa kuwa heshima iliyotolewa kwa sababu ya haja sasa itatolewa kwa hiari au haitatolewa. Wengine watapandisha ukuta siku ileile hati inapotoka. Wengine watauacha mnyaa usimame kando ya jiwe la serikali.

Yuko mtu mmoja ambaye hata hati haikumgusa, naye ni mpangaji. Hakuitwa kuwa shahidi kwa kuwa hana mpaka. Hakupokea bei kwa kuwa hana nyumba. Urasimishaji ulipita mlangoni pake ukaandika jina la mwingine. Pengine amekaa chumba cha sita kwa miaka ishirini, akafagia ua kwa zamu yake, akachimba kaburi la mume wa mwenye nyumba. Na habari ya mauzo huipata kwa dalali anayekuja kupima madirisha. Hakuna sheria inayomzuia mnunuzi kuandika katika karatasi ya mauziano, kabla ya sahihi, kwamba wapangaji watabaki kwa kodi ileile hadi msimu wa korosho upite na watoto wamalize mwaka wa shule. Mstari huo mmoja hauongezi ada ya mwenyekiti, na muuzaji aghalabu huwa tayari kuukubali, maana ndiye anayewajua kwa majina.